Rangi iwe ya mwisho

Najua maneno haya hayatawafurahisha mafundi wa rangi, na baadhi yao ni majirani zangu tunaokunywa kahawa pamoja, lakini lazima yasemwe: gari lililolala miaka mingi lisianzie kwao. Liishie kwao.

Mimi ni fundi wa injini hapa Changamwe, Mombasa. Kazi nilifundishwa na mjomba, kwa kumshikia tochi na kukoga oili. Siku hizi limezuka wimbi la kufufua magari ya zamani, na mimi ni miongoni mwa wanaolishangilia. Vijana walio kazini Doha, Dubai na Jeddah wakija likizo hufunua turubai kwenye banda la nyumbani, wakalitazama gari la marehemu baba, wakaingiwa na imani. Wengine wanaona biashara, maana bibi harusi wa leo hataki kupelekwa ukumbini na gari analoliona kila siku barabarani. Anataka lile alilopanda nyanya yake. Yote ni heri. Taabu ni kwamba wote hunijia na swali moja: "Fundi, rangi itachukua siku ngapi?"

Huwajibu kwamba sijui, na kwamba bado hatujafika huko.

Hata kabla ya spana kuna karatasi. Kama logbook ingali na jina la marehemu, gari hilo ni mali ya urithi, na urithi una wenyewe. Nimeona kijana akimwaga pesa kwenye gari la babake, likawaka, likapendeza, ndipo ndugu zake wanne wakakumbuka kwamba nao ni watoto wa mzee. Kaeni kitako kwanza kama familia, mkubaliane, mmalize mambo ya mirathi. Gari limengoja miaka yote hiyo, halitakufa kwa kungoja kikao.

Sasa tuje kwenye rangi. Gari la Pwani huliwa kutoka ndani kuja nje. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu chini ya zulia, chini ya betri, nyuma ya mpira wa kioo cha mbele na ndani ya mabati yaliyo chini ya milango, kutu hufanya kazi yake bila kuonekana. Fundi mwenye pupa hukwangua juu juu, akajaza pati, akapiga msasa, akamalizia kwa praima na rangi. Gari linatoka linang'aa na kila mtu anapiga picha. Masika ikifika, rangi inafura malengelenge na pati inabanduka vipande vipande. Wahenga walishatuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na ukija kugundua baadaye kwamba sakafu imeoza, moto wa kuchomelea bati jipya utaibabua rangi ile ile uliyoilipia.

Chukua Peugeot 504, ambayo ndiyo ninayoletewa zaidi. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, umbo lake likachorwa na Pininfarina wa Italia, na mwaka 1969 ikawa Gari la Mwaka la Ulaya. Lakini hapa kwetu sijasikia mtu akiisifu kwa tuzo hiyo. Sifa zake zilitoka barabarani. Ove Andersson wa Sweden alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, na Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akashinda tena mwaka 1978 kwa ile ya milango miwili. Kabla yao Peugeot 404 ilishinda mara nne, na mbili kati ya hizo, mwaka 1966 na 1967, usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland wa Dar es Salaam. Mwaka 1968 magari 93 yaliondoka na 7 tu yakamaliza, 404 ikiwa mbele. Watu waliouliza habari za mashindano hayo waliuliza nani amefika na nani amekwama. Na ile 504 ya stesheni wagoni, yenye safu tatu za viti, ndiyo iliyobeba wazazi wetu na mizigo yao kwenda bara na kurudi. Nyingi ziliunganishwa hapa hapa Mombasa, na kazi hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Gari lililopata jina kwa kustahimili barabara mbovu, kuligeuza pambo ni kulikosea adabu.

Nikueleze mfano wa moja niliyoletewa kutoka Kikambala, ya milango minne, gia pembeni mwa usukani. Mwenyewe alikuja na betri mpya mkononi, akataka tupige stata pale pale, asikie sauti ya gari la babake. Nilimnyima ufunguo. Injini iliyokaa miaka bila kuzunguka, oili yote imeshateremka chini, kuta za silinda zimebaki kavu na ringi za pistoni huenda zimeshikana na kutu. Ukiilazimisha kwa stata, ringi zinakatika. Valvu ikiwa imeganda, ile fimbo inayoisukuma inapinda. Furaha ya dakika moja inakuletea kazi ya kufumua injini nzima.

Tulifungua plagi zote nne, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya kila silinda, tukaacha ilowe. Kisha nikatia spana kubwa kwenye nati ya puli ya krenki na kuvuta kwa mkono, maana mkono unahisi na stata haihisi. Mwanzo iligoma. Ikasogea unene wa kidole, nikairudisha nyuma, nikavuta tena, ikaongeza kidogo, mpaka ikazunguka mduara mzima. Hapo tu ndipo tulipojua kwamba tuna injini.

Upande wa mafuta ulikuwa na yake. Petroli ikilala, sehemu yake nyepesi huruka na inayobaki hugeuka utomvu wa kahawia. Tangi tulilishusha lote, tukalisafisha kutu, na mipira yote ya mafuta tukaitupa, kwa sababu mpira mkavu ukipasuka juu ya injini yenye moto, huna gari tena. Bakuli la kabureta lilikuwa na ukoko, na jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, kilikuwa kimezibwa kabisa.

Halafu maji. Injini ya petroli ya 504 ina bloku ya chuma na silinda hedi ya alumini, na silivu zake zimezungukwa na maji moja kwa moja. Sisi watu wa Pwani tuna mazoea ya kutia maji ya kisima kwenye rejeta, na visima vyetu vingi vina chumvi. Chuma na alumini vikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Tulipoinua hedi ya gari lile, kingo za matundu ya maji zilikuwa zimelika karibu kufikia mahali gasketi inapobana. Gari kama hilo lingewaka vizuri, lingepelekwa harusini, na lingechemka kwenye foleni ya feri ya Likoni bibi harusi akiwa ndani.

Hata hivyo, kama ningepewa nafasi ya kusema jambo moja tu, ningesema breki. Injini ikikataa, gari haliendi. Breki zikikataa, gari halisimami. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji, kiwango chake kinaweza kuporomoka hadi nyuzi 155. Teremka nayo kutoka Mazeras nyuma ya malori, mguu ukiwa kwenye breki muda wote, halafu uone pedali inavyozama hadi sakafuni. Maji hayo hayo hutoboa silinda za breki kwa kutu. Na mipira ya breki ina hila: nje inaonekana mizima, ndani imefura. Ukikanyaga, mafuta yanapita. Ukiachia, hayarudi, na gurudumu linaendelea kubanwa mpaka linatoa moshi. Kwa gari lililolala, masta silinda, silinda za magurudumu na mipira yote havijadiliwi. Vinabadilishwa.

Tairi nazo zinadanganya. Mteja hunionyesha meno marefu ya tairi na kusema bado mpya. Tazama ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, utaona tarakimu nne. Zikiwa 2309, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Likiwa na meno au halina, mpira wa umri huo umeshakakamaa, na kwenye mwendo wa barabara kuu unaweza kupasuka bila kukupa taarifa.

Jirani yangu wa rangi ana hoja yake, na ina uzito. Anasema mwenye gari akiona rangi imependeza, anapata moyo wa kuendelea kulipa. Akiona vyuma vichafu miezi yote, anakata tamaa na mradi unakufa. Ni kweli watu hukata tamaa. Lakini ninachokiona mimi ni kwamba pesa huishia pale pale kwenye rangi, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Yako magari mjini humu yanayong'aa juu ya mawe, hayana breki wala injini, na wenyewe wamesharudi Ughaibuni. Anayehitaji moyo, naomba aje aliendeshe gari lake likiwa na mabaka na kutu za juu, liwake kwa mguso mmoja na kusimama pale anapotaka. Sijamwona mtu akitoka kwenye kiti hicho bila tabasamu.

Wapo pia wanaong'oa injini ya Peugeot na kuweka ya Toyota ili kazi iishe. Siwalaumu, gari la kazi ni gari la kazi. Naomba tu waulize kwanza. Gari hili la 504 liliundwa zaidi ya milioni 3 duniani, na Argentina iliendelea kuliunda hadi mwaka 1999. Spea bado zinapatikana kwa anayejua pa kuuliza, na wanaojua ni wazee wetu wa gareji, ambao hawatakuwapo siku zote. Vyuo vya ufundi vinawafundisha vijana kompyuta za magari, na ni sawa, lakini vingewaita wazee hawa hata kwa muhula mmoja wakafundishe kabureta na pointi kabla elimu hiyo haijazikwa nao.

Nayasisitiza haya kwa sababu tulicho nacho hakiongezeki. Kwa sheria ya Kenya, gari lililotumika haliingizwi nchini likiwa limepita miaka 8, kwa hiyo magari ya zamani tuliyo nayo ni yale yaliyokwishaingia au kuunganishwa humu. Kila moja linalouzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu limekwenda. Na kila linalopakwa rangi juu ya uozo liko njiani kwenda huko huko, tofauti ni kwamba limepambwa kwanza.

Basi ukilipeleka gari la marehemu baba kwa fundi, yeyote yule, usimwulize rangi. Mwambie afungue gurudumu moja mbele ya macho yako akuonyeshe breki, kisha akuandikie kwa mpangilio: breki, mafuta, maji, injini, umeme, tairi, bati, na rangi chini kabisa ya karatasi. Akikubali, mpe kazi na umlipe haki yake bila kumzungusha. Akikwambia tuanze na rangi, mshukuru, chukua ufunguo wako na uondoke.