Bomba likivuja barabarani, mtoto huumwa tumbo nyumbani

Alfajiri ya siku ya mgao, mama huamka kabla ya kila mtu, akapanga ndoo na madumu na kusubiri. Maji yanapoanza kutoka huwa na rangi ya chai, kisha husafika taratibu. Kwa haraka ya kuwaandaa watoto, dumu la kwanza ndilo linalojaza chupa za shule. Siku mbili baadaye mmoja anaharisha, na lawama zinaangukia maembe ya getini.

Huenda kosa si la maembe. Bomba lililopasuka likiwa na maji yenye nguvu, humwaga nje. Mgao ukifika na bomba likabaki tupu, mambo hugeuka: ufa uleule hufyonza tope, maji ya mtaro, hata yanayotoka kwenye choo cha jirani. Maji yakirudi, uchafu huo husukumwa hadi jikoni.

Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao. Lakini hata mto ukijaa, maji hayo hayaji yenyewe. Husukumwa kwa pampu za umeme kutoka Ruvu Juu na Ruvu Chini hadi kwenye matangi ya mjini. Ndiyo maana umeme ukikatika mitamboni, bomba la nyumbani nalo hukauka. Kila lita inayopotea njiani imeshalipiwa dawa ya kuisafisha na umeme wa kuisukuma.

Hesabu yake ni nyepesi. Bomba linalomwaga ndoo moja ya lita 20 kwa dakika hupoteza ndoo 1,440 kwa siku. Familia inayotumia ndoo 10 kwa siku ingetosheka nayo. Na nyingine 143 pia.

Hivyo jiji linalotaka kuokoa maji na umeme kwa pamoja lina pa kuanzia. Kwanza, kuziba mivujo haraka na kubadilisha mabomba chakavu. Pili, kupunguza msukumo wa maji usiku, maana watu wakilala msukumo hupanda na mabomba dhaifu hupasuka. Tatu, kukarabati pampu, kwa kuwa pampu iliyochoka hula umeme mwingi kwa maji yaleyale. Nne, kulinda chanzo. Ruvu huanzia milima ya Uluguru, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mto wenye tope huhitaji dawa nyingi zaidi kuusafisha.

Cape Town, Afrika Kusini, ilionyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2018 mabwawa yake yalikaribia kukauka. Jiji lilipunguza msukumo kwenye mabomba, likafuatilia mivujo, likapandisha bei kwa watumiaji wakubwa na kuweka ukomo wa lita 50 kwa mtu kwa siku. Wakazi walipunguza matumizi, na siku ya kufunga mabomba iliyokuwa ikiogopwa haikufika.

Wakati hatua hizo zikisubiriwa, mzazi anaweza kumlinda mtoto. Maji ya kwanza baada ya mgao yawe ya kudekia au chooni. Ya kunywa yachemshwe hadi yatokote sawasawa, au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha yahifadhiwe kwenye chombo safi chenye mfuniko, ikiwezekana chenye koki, ili mkono au kikombe kisizamishwe ndani. Mtoto akiharisha apewe ORS mapema na aendelee kunyonya au kula. Akilegea, macho yakididimia, akishindwa kunywa au kinyesi kikiwa na damu, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kesho.

Na ule mvujo wa barabarani usizoeleke. Upigwe picha na kuripotiwa kwa namba iliyo kwenye bili ya maji. Kisha kwenye mkutano wa mtaa, pamoja na hoja ya ulinzi shirikishi na taka, wazazi waulize: mivujo mingapi iliripotiwa mwezi huu, na mingapi imezibwa? Swali hilo likiulizwa kila mkutano, mwenyekiti atajifunza kuja na jibu.