Kukesha si ushujaa

Tunalalamika kwamba watu siku hizi wana hasira za karibu, wanakata tamaa upesi, wanagombana nyumbani na kununiana kazini. Tunalaumu maisha magumu, tunalaumu ndoa, wengine wanasema wamerogwa. Jambo moja hatulitaji: hatulali.

Mtu mzima wa miaka 18 hadi 60 anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku. Ndivyo walivyokubaliana wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2015. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na cha Fudan, China, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu karibu 500,000 wenye umri wa miaka 38 hadi 73. Waliolala saa 7 hivi ndio waliokuwa na akili nyepesi na dalili chache za wasiwasi na sonona. Waliolala pungufu ya hapo hali zao zilikuwa duni, na waliopitiliza sana vilevile.

Yupo atakayejibu kwamba ni mawazo yanayomnyima usingizi, si usingizi unaomletea mawazo. Ukweli ni kwamba hivi viwili vinachocheana. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2011 zilionyesha kuwa mtu asiye na sonona lakini anayesumbuliwa na kukosa usingizi yuko katika hatari karibu mara mbili ya kuja kuipata. Na mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Oxford kilitangaza matokeo ya jaribio la wanafunzi 3,755 wa vyuo 26 vya Uingereza. Nusu yao walipewa mafunzo ya kurekebisha usingizi kwa njia ya intaneti. Usingizi ulipotengemaa, wasiwasi na sonona navyo vilipungua. Kwa hiyo kutafuta utulivu wa akili huku unakesha ni kupalilia shamba upande huu wakati mbuzi wanakula upande ule.

Usituambie umezoea. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani waliwapunguzia watu wazima wenye afya usingizi hadi saa 6 au 4 kwa siku 14 mfululizo. Umakini wao ulizidi kushuka siku hadi siku, mpaka ukafanana na wa watu waliokesha usiku mzima, hata siku mbili. Wenyewe walidhani wamechoka kidogo tu. Aliyepungukiwa usingizi ni shahidi mbaya wa hali yake mwenyewe.

Tunachokesha nacho tunakijua. Mechi za Ulaya zinazoisha usiku wa manane. Tamthilia ya kipande kimoja zaidi. Bando la usiku ambalo tunaona ni hasara lisipotumika. Kisha saa 11:00 alfajiri tunakurupuka kuwahi daladala, na saa 4:00 asubuhi tumeshamfokea mteja.

Dawa yake haihitaji semina. Anza na saa unayoamka, hesabu saa 7 kurudi nyuma. Anayeamka saa 11:00 alfajiri awe amelala saa 4:00 usiku, si awe ndiyo kwanza anaoga. Simu ichajiwe sebuleni. Kahawa iishe mchana, kwa sababu nusu ya kafeini yake huwa bado imo mwilini saa 5 au 6 baada ya kuinywa. Muda wa kuamka usibadilike, hata Jumapili.

Wapo wasiolala kwa sababu hawapewi nafasi, na hapo wengine tunahusika. Katika nyumba nyingi mama ndiye wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka, huku watu wazima wengine wanne wakiwa na mikono mizima. Vyombo vioshwe na wote. Bosi anayetuma kazi kwenye kundi la WhatsApp saa 5:00 usiku asubiri kukuche. Mwenye baa apunguze muziki, maana jirani naye ni binadamu. Na waajiri wa walinzi na wauguzi wapange zamu zinazomwachia mtu nafasi ya kulala kabla hajarudi kazini.

Kama umejaribu haya yote na bado usingizi unakukimbia siku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, nenda hospitali. Nenda pia kama unalala saa 10 kila siku na bado unaamka umechoka, huna hamu ya chochote. Hiyo inaweza kuwa sonona, na inatibika. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri hata siku moja. Usijitibu kwa pombe; inakulaza upesi na kukuamsha usiku wa manane. Usinunue vidonge vya usingizi kienyeji dukani. Tiba ambayo madaktari wanaianzia kwa tatizo la muda mrefu ni ushauri na mafunzo ya kubadili mazoea ya kulala, si vidonge.

Anayelala mapema si mvivu, na anayekesha bila sababu hatuna cha kumsifia. Leo usiku zima simu saa 3:30, panda kitandani, na uwaache wenzako nao walale.