Nusukaputi na Deni la Kiswahili

Huko Kisii na Nyamira, ababari, yaani wapasuaji wa jadi wa Abagusii, walifungua fuvu la kichwa kumtibu aliyesumbuliwa na maumivu baada ya kujeruhiwa kichwani. Upasuaji huo, ulioshuhudiwa na madaktari katika karne ya 20, ulifanywa bila nusukaputi. Mgonjwa alikuwa macho. Aliweza kusema yaliyomsibu.

Mgonjwa wa leo hulazwa usingizi. Lakini neno nusukaputi lenyewe lazua swali: nusu ipi? Dawa ikipungua, huenda akazinduka kisu kikiendelea. Na akiwa amelegezwa misuli, hawezi kupiga yowe wala kuinua kidole. Ndipo vikabuniwa vifaa vya kupima umeme wa ubongo, ambao Hans Berger aliurekodi kwa binadamu mwaka 1924. Kifaa cha BIS huonyesha nambari kati ya 0 na 100. 40 hadi 60 huashiria usingizi ufaao kwa upasuaji.

Hata hivyo, nambari hukadiria tu, na ketamini huweza kuipotosha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: shahidi ni mgonjwa, naye ahitaji maneno. Kiswahili kina ganzi na nusukaputi, ila hakina istilahi iliyozoeleka ya kuzinduka kisuni. Wanaisimu na waiunde wakishirikiana na wauguzi, kwa Kiswahili na Ekegusii, ili mgonjwa aulizwe akaelewa. Asiye na jina la yaliyompata huambiwa aliota.