Chawa Hajaacha Kuwa Mdudu

Si zamani sana, kumwita mtu mzima chawa kulitosha kuanzisha ugomvi. Leo mtu anajiita mwenyewe, mbele ya kamera, huku anacheka. Baba Levo alijitangaza kuwa chawa wa Diamond Platnumz. Siasa nazo zikapata kundi linalojiita Chawa wa Mama. Hapa Kibamba, kijana akionekana anamsindikiza mtia nia wa udiwani kila msiba, wenzake kijiweni humuuliza uchawa unalipaje. Hawamsuti. Wanaulizia nafasi.

Nasoma shahada ya uzamili ya isimu, kwa hiyo kuhama kwa maneno hakunitishi. Mbuzi alitoka zizini akawa kifaa cha kukunia nazi, na hakuna aliyedhurika. Ninachokigombea ni kile ambacho maana mpya ya chawa inakificha.

Kizazi cha Azimio la Arusha la 1967 nacho kilikuwa na mdudu wake: kupe. Hilo lilikuwa neno la anayenyonywa kumwambia anayemnyonya. Hakuna aliyejitangaza kupe ili apate kazi. Kwa chawa mambo yamegeuka: anayelitamka neno ndiye mdudu mwenyewe, tena anajisifu. Tusi limekuwa cheo.

Halafu hebu litazame fumbo lenyewe. Chawa wa kweli humnyonya anayemkalia. Je, chawa wa mjini anamnyonya bosi wake? Thubutu! Bosi anavuna sifa, wafuasi na kura kwa bei ya nauli na vocha. Anayenyonywa hata kwenye picha hayumo. Ni yule aliyeshinda kwenye usaili kutwa nzima wakati nafasi ilishapewa msifiaji. Ni mkazi ambaye barabara yake imesifiwa mtandaoni kabla haijamwagiwa hata kifusi. Damu inayonyonywa ni yetu, na sisi ndio tunaobonyeza kupenda.

Najua nitajibiwa nini: ajira hakuna, njaa haina adabu, mwacheni kijana atafute. Sina ugomvi na mwenye njaa. Wengi wetu tuliomaliza vyuo tunaijua njaa hiyo kwa jina. Lakini itazameni riziki yenyewe. Mtu akishikwa na homa kali, au akifa na mwili ukapoa, chawa wa mwilini humhama wakatafute mwili mwingine. Wakiukosa, siku chache tu nao wamekwisha. Bosi naye akishindwa uchaguzi au nyota yake ikizimika, chawa wake anabaki na nini? Hana ujuzi alioupata, hana mkataba, na kila alichowahi kukisema kinajulikana kilikuwa na bei. Hiyo ndiyo ajira tunayoshauriana kuikimbilia tukiwa na vyeti mkononi.

Kiswahili kina maneno mengine ya kazi hiyo: kujipendekeza, kujikomba, kuramba miguu. Hayo bado yanauma, ndiyo maana hakuna anayeyachapisha kwenye fulana. Tuyatumie hayo, na chawa tumrudishe kwenye mishono ya nguo chafu alikotoka.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tunaitumia kila siku kuhimiza umoja, na tumesahau vile vidole viliungana kufanya kazi gani.