"Kauza Mechi": Dhambi Tunayoiita Ushabiki

Jumapili ya tarehe 25 Julai 2021, katika uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma, Simba na Yanga zilikutana katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa njia ya reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na wako walioifunga safari hiyo kwa furaha. Yanga walibaki kumi uwanjani katika kipindi cha kwanza, baada ya kiungo wao mmoja kuonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi cha pili Taddeo Lwanga akaifungia Simba bao pekee kwa kichwa, na kombe likaenda Msimbazi. Hayo ndiyo yaliyotokea, na yangeweza kuishia hapo.

Hayakuishia hapo. Kabla giza halijaingia, neno lililotawala vijiweni lilikuwa moja: "Wameuza." Mchezaji aliyekosea kauza, mwamuzi kanunuliwa, kiongozi kala. Wala asidhani mtu kwamba ugonjwa huu ni wa rangi moja. Majuma matatu kabla ya hapo, tarehe 3 Julai, Yanga waliifunga Simba 1-0 katika Ligi Kuu, na siku ile tuliwasikia waliovaa nyekundu wakiyasema hayo hayo juu ya vijana wao wenyewe. Basi tunauliza: hao waliouza tarehe 3, walipataje kuwa mashujaa tarehe 25? Walitubu na kuongoka ndani ya siku 22?

Tunasema bila kuficha: kumtaja mtu kuwa ameuza mechi, pasipo ushahidi wowote ila uchungu wa kufungwa, ni dhambi dhidi ya Amri ya Nane. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inamhesabia hatia hata yule anayesadiki kimoyomoyo kosa la jirani yake bila msingi wa kutosha. Anayekwenda mbele akalitamka jambo la uongo na kumharibia mwenzake jina, huyo amesingizia. Katekisimu haikuweka kifungu cha kuwasamehe mashabiki.

Tunajua majibu yatakayotolewa. La kwanza: "Padre, huo ni utani tu." Sivyo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na wazee wetu wametaniana kwa miaka yote hiyo bila kuvunjiana heshima. Utani una sheria zake: mtani hukupiga kijembe usoni pako, nawe unacheka, kisha unamrudishia. Anayesingiziwa hayupo barazani, hacheki, wala hana nafasi ya kujibu. Inafaa tukumbuke kwamba siku ile ile ya fainali Kanisa liliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, iliyowekwa na Baba Mtakatifu Fransisko. Tungalifanya vema kuwauliza wazee hao utani ni nini.

Jibu la pili: "Lakini rushwa michezoni ipo." Ipo, nasi hatuitetei. Kwa sababu hiyo hiyo mwenye ushahidi anawajibika kuupeleka TAKUKURU au kwenye shirikisho la mpira. Asiye nao anyamaze. Kumshtaki mtu kijiweni hakuzuii rushwa hata ya shilingi moja. Kunamlinda mla rushwa wa kweli, kwa kuwa mahali ambapo kila mtu huitwa mwizi, mwizi halisi hujificha kwa urahisi.

Injili ya Jumapili ile ilikuwa ya Yohane, sura ya sita: kando ya ziwa, umati ulioshibishwa mikate mitano ulitaka kumshika Yesu na kumfanya mfalme. Soma sura hiyo mpaka mwisho. Kabla haijafungwa, wengi miongoni mwa wafuasi wake wamekwisha kurudi nyuma. Yesu aliujua umati, akajitenga mlimani peke yake. Mchezaji wetu hana mlima wa kukimbilia. Anaondoka uwanjani ameinamisha kichwa, na huko kwao yuko mama anayesikia jirani akimwita mwanawe msaliti.

Kinachotusumbua zaidi ni kwamba ulimi uliozoezwa uwanjani hauachwi getini mwa kanisa. Tulipata kuwa na mtunza hazina wa jumuiya ndogondogo, mama mwaminifu, aliyeng'atuka kwa sababu ya mnong'ono kwamba "amekula." Daftari lilipokaguliwa, hesabu zilikuwa sawa hadi senti ya mwisho. Mnong'ono ulikuwa umezunguka jumuiya zote. Habari ya ukaguzi haikuvuka hata nyumba tatu. Mama yule hakurudi tena katika uongozi.

Wala hatusemi haya kama watu wasio na hatia. Nasi tuna timu yetu, na jioni ile ya Kigoma nasi tulitikisa kichwa mbele ya watu tukasema, "Hapa kuna kitu." Maneno matatu tu. Lakini yalipotoka kinywani mwa padre, walioyasikia waliyachukua kuwa ushahidi. Ilitupasa kuyapeleka katika kitubio, na tuliyapeleka.

Hata hivyo kitubio pekee hakitoshi. Katekisimu hiyo hiyo, namba 2487, inadai malipizi: aliyeharibu jina la mwenzake ana wajibu wa kulirudisha. Kwa hiyo tunaagiza jambo jepesi kueleweka na gumu kutenda. Uliyewaambia watu kumi kwamba fulani kauza mechi, au kala mchango wa jumuiya, nawe hujui, warudie wale kumi. Waambie: "Nilisema nisilolijua." Ukiona aibu, ipime aibu hiyo na ile uliyomvisha mwenzako.

Shangilieni timu zenu. Lieni zikifungwa. Mtanieni mtani wenu mpaka kicheko kimuishe. Lakini jina la mtu si mpira wa kupigwa na kila apitaye.