Taja Jina Lako Kamili, Mpendwa



Leo nasema na wewe uliyepangiwa upasuaji, ama mtu wako anapelekwa. Tutaomba pamoja nawe. Lakini kuna jambo waumini wengi huogopa: kumuuliza daktari swali. Wanaona ni kukosa heshima, ama ni imani haba. Mimi nasema hapana.

Mkumbuke Isaka katika Mwanzo 27. Macho yake yalikuwa yamefifia. Masikio yalimwambia huyu ni Yakobo, mikono ikamwambia ni Esau. Dalili hazikupatana, na bado akaendelea. Baraka ikamfikia ambaye hakumkusudia, na haikurudishwa. Isaka aliuliza maswali, ndiyo. Lakini shaka ilipoingia, hakusimama.

Mapema mwaka wa 2018, hapa kwetu Kenya, wagonjwa wawili walichanganywa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Mmoja alihitaji kutolewa damu iliyoganda kwenye ubongo. Mwenzake alikuwa na uvimbe kichwani ambao haukuhitaji upasuaji huo. Aliyefunguliwa fuvu ni huyu wa pili. Madaktari wakatafuta damu iliyoganda, wasiione. Je, unadhani familia zile hazikuwa zikiomba?

Mungu hutumia pia utaratibu. Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Vifo baada ya upasuaji vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ni karatasi moja tu, na watu kukubali kuulizana!

Kwa hivyo ukiulizwa jina mara ya tatu, usikasirike. Unalindwa.

✅ Taja mwenyewe majina yako yote na tarehe ya kuzaliwa. Akina Mary wodini ni wengi. Ukiulizwa tu, "Wewe ni Mary?", usiishie kusema ndiyo.
✅ Soma kibandiko cha mkononi. Jina likiwa si lako, sema hapo hapo, hata kama kitanda kimeshaanza kusukumwa.
✅ Sema unafanyiwa nini, na upande gani. Mguu wa kushoto ama wa kulia? Omba uwekewe alama ukiwa bado macho.
✅ Sema dawa zinazokudhuru.
✅ Mgonjwa akiwa mtoto, ama hajitambui, wewe wa familia ndiwe sauti yake.

Na wewe muuguzi ama daktari wa kanisa letu, najua foleni ni ndefu na mmechoka. Lakini dakika mbili za kuhakikisha si kupoteza wakati, ni ibada. Na mdogo wako kazini akisema, "Tusimame kidogo," msikilize, hata kama wewe ndiwe mkubwa.

Yohana 10 inatufundisha kwamba Mchungaji Mwema huita kondoo wake kwa majina. Yeye hamwiti mtu "kitanda cha nane".

Baba, tunawaweka mikononi mwako wote wanaoingia kupasuliwa wiki hii. Wape madaktari macho ya kuona, na wagonjwa ujasiri wa kusema. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha umtumie mtu aliye hospitalini. Mbarikiwe sana. 🙏