MTOTO NDIYE WA KUPIMWA, SI KARATASI



Kila mwaka wa masomo unapoanza, mtoto wa mfanya kazi huletewa orodha ndefu kutoka shule ya bweni au chuo anachokwenda. Godoro, ndoo, sanduku, viatu, karo. Mwisho wa orodha hukaa karatasi ya daktari. Wakati huo mzazi amekwisha kopa kwa ajili ya godoro, na karatasi ile aiona kuwa kikwazo tu, basi huitafutia muhuri. Twajua sote jinsi mambo yaendavyo. Fedha kidogo huwekwa mezani, kisha macho "sawa", masikio "sawa", kifua "sawa", muhuri, kwaheri. Mtoto hata shati hakuvua.

Twasema kwamba jambo hili ni la Chama. Wako watakaouliza: Chama ni cha mishahara na saa za kazi, kimeingiaje katika kupima watoto wa shule? Jibu letu ni kwamba kijana yule aliyepigiwa muhuri ndiye tutakayemwona baada ya miaka miwili au mitatu mlangoni mwa karakana, amevaa ovaroli ya kuazima, ameletwa na chuo cha ufundi kujifunza kazi kwa miezi mitatu. Wenyewe huita atachimenti. Baadaye huenda akaandikwa kazi. Akifanya kazi miaka kumi penye mashine zinazonguruma, siku moja atadai fidia ya masikio yake, na ataulizwa: Ulikuja hapa ukisikia vipi? Kipimo chako cha kwanza kiko wapi? Neno "sawa" lililoandikwa na mtu ambaye hakupima kitu halisimami mbele ya wakili wa kampuni ya bima.

Sheria zipo. Kanuni za uchunguzi wa afya za mwaka 2005 zataka mfanya kazi wa kazi zile zenye hatari zilizotajwa apimwe kabla ya kuanza, apimwe tena kila muda fulani, na apimwe anapoacha kazi, na gharama ni ya mwajiri. Kanuni za kelele za mwaka huo huo zasema mtu asikae katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 inamtaja hata mwanagenzi kuwa ni mfanya kazi. Lakini mwanafunzi wa miezi mitatu mara nyingi hana mkataba wa uanagenzi. Anayo barua ya chuo tu. Akiumia, mwajiri husema huyu ni wa chuo. Chuo husema alikuwa kwa mwajiri. Katikati yao amesimama kijana na mkono uliofungwa bendeji. Na kwa kuwa hakuna aliyemhesabu kuwa wake, hakuna aliyempima.

Tuseme basi ni vipimo gani tunavyovitaka, maana si vikubwa wala si vya kutisha.

Macho kwanza. Ubao wa herufi zinazopungua ukubwa, ambao mwanafunzi huusoma akiwa umbali wa mita 6, ulitungwa na daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Hauna umeme wala hauharibiki, na mwalimu yeyote aweza kufundishwa kuutumia. Wangapi wameitwa wajinga darasani kwa sababu hawakuuona ubao! Kwa mafundi liko jambo la pili, nalo ni rangi. Wako watu waliozaliwa hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Kijana wa namna hii hana ugonjwa, wala pengine hajui kwamba aona tofauti na wenzake. Sasa mpe kazi ya nyaya za umeme. Katika majumba ya zamani waya wa moto ni mwekundu na wa ardhi ni wa kijani. Katika mapya wa moto ni kahawia, na wa ardhi ni kijani na manjano. Kile kitabu cha vidoadoa cha Daktari Ishihara wa Japani, kilichotoka mwaka 1917, chamtambua mtu huyu kwa dakika chache. Yafaa aonyeshwe kitabu hicho kabla baba yake hajalipa karo ya miaka mitatu ya ufundi wa umeme.

Masikio ni ya pili, na hapa kijana mwenyewe aweza kuwa mlinzi wake. Ikiwa wewe na mwenzako mmesimama umbali wa mkono, na hamsikizani ila kwa kupaza sauti, kelele hiyo ni ya kudhuru. Ikiwa unatoka kazini na masikio yanalia mluzi hadi usiku, hiyo ni ishara. Wazee wetu wa karakana huwaambia vijana, "Utazoea." Ndugu, sikio halizoei kelele, linakufa kidogo kidogo, na lililokufa kwa njia hiyo halifufuki kwa dawa yoyote. Mwenye kusema utazoea ajiulize kwa nini nyumbani huweka redio juu mpaka jirani agonge ukuta.

Kifua. Mabweni yetu yana vitanda vilivyosongamana, na madirisha hufungwa usiku kwa baridi. Kikohozi kinachopita wiki mbili, jasho la usiku, homa za jioni, kukonda: mwanafunzi mwenye mojawapo ya haya apelekwe akapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali hazilipiwi. Akianza kuzitumia na akazimaliza, hupona na kurudi darasani. Anayemezeshwa dawa ya kikohozi muhula mzima huwaachia wenzake ugonjwa.

Presha nayo si ya wazee peke yao. Katika uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2015, zaidi ya nusu ya watu wazima walisema hawajapimwa presha hata mara moja maishani. Na sukari vilevile. Mtoto mwenye kiu isiyokwisha, anayeamka kukojoa mara nyingi usiku, naye akonda ingawa anakula, asiambiwe ni malaria mpaka atakapozirai. Tone moja la damu ya kidole latosha kumtambua.

Sasa twafika katika yale ambayo mtu hujikagua mwenyewe, na hapa twaomba wasomaji wasione haya, kwa sababu haya ndiyo inayoua.

Mvulana akiamka usiku na maumivu makali ya ghafula katika korodani moja, pengine pamoja na kutapika, huenda korodani hiyo imejisokota na kuikata damu. Jambo hili huwapata zaidi wavulana wenye umri wa kubalehe. Daktari mpasuaji akimpata mapema, yaani katika muda wa saa 6 hivi, mara nyingi huiokoa. Kila saa inayopita hupunguza tumaini. Lakini kijana aliye bwenini hasemi. Atamwambiaje msimamizi, na wenzake wasikie? Hulala juu ya maumivu mpaka kengele ya asubuhi, huambiwa asubiri zamu ya nesi, na nesi naye huambiwa "tumbo linauma". Kila mvulana anayekwenda bweni aambiwe habari hii na baba yake au mjomba wake, kwa maneno yasiyozunguka. Na uvimbe mgumu usiouma katika korodani, ingawa kwetu saratani ya mahali hapo ni ya nadra, nao ni wa kuonyeshwa daktari bila kungoja.

Huko Kwale, Kilifi na Tana River, wako vijana waliokua wakiona damu katika mkojo na kudhani ni dalili ya kuwa mtu mzima. Hicho ni kichocho, kinachopatikana katika maji ya madimbwi na mito. Dawa yake ipo, na ni ya kumeza. Kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu.

Kuhusu matiti ya dada zetu na binti zetu, twataka kusema kweli yote, kwa maana imesemwa nusu nusu. Kati ya 1989 na 1991, wanawake 266,064 wa viwanda 519 vya nguo mjini Shanghai, nchini China, waliandikwa katika jaribio kubwa. Nusu yao walifundishwa kwa bidii kujikagua matiti, wakakumbushwa mara kwa mara, nusu hawakufundishwa. Walifuatiliwa hadi mwaka 2000. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2002, waliokufa kwa saratani ya matiti katika kundi lililofundishwa walikuwa 135, na katika kundi lisilofundishwa 131. Hakuna tofauti ya maana. Tena waliofundishwa walipata vinundu vingi zaidi visivyokuwa saratani, wakakatwa nyama za kupimwa na kuingiwa na hofu bure.

Wafanya kazi wenzetu wa Shanghai walitupa somo hili kwa miili yao, na si vizuri kulificha. Wako wanaolitumia kusema kwamba kujikagua ni upuuzi. Sisi hatusomi hivyo. Wanawake wale, waliofundishwa na wasiofundishwa, walikuwa na zahanati kiwandani mwao. Hapa kwetu mwanamke hufika hospitali uvimbe ukiwa umekwisha kupasua ngozi. Kuyajua matiti yake yalivyo siku zote, ili akiona kinundu kipya, au ngozi iliyobonyea, au damu katika chuchu, aende haraka, hilo ni jambo la akili. Lakini la kuwafundisha wasichana kujikagua na kuwaacha hapo, bila nesi, bila zahanati, bila mtu wa kukigusa kinundu hicho na kusema ni nini, hilo twalikataa. Ni rahisi sana kwa wakubwa kumpa mfanya kazi karatasi yenye picha na kusema, afya yako iko mikononi mwako. Zahanati ingewagharimu, karatasi haigharimu kitu. Kujikagua kunafaa pale ambapo nyuma yake pana mlango uliofunguliwa.

Kwa wasichana iko pia chanjo inayozuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini Oktoba 2019 kwa wenye miaka 10. Hii haidai ujasiri wala elimu ya mtu, yadai mzazi akubali tu. Uvumi kwamba inaondoa uzazi si kweli.

Iko hofu moja ambayo wanachama wametuletea, nayo ni ya haki. Wasema: mkiomba watoto wapimwe, mwajiri atatumia kipimo kuwachuja. Mwenye presha ataambiwa arudi kwao. Twaijua hila hiyo. Kwa hiyo tunachokidai kina mipaka. Majibu ni mali ya mwanafunzi na daktari. Mwajiri aambiwe tu kama kijana afaa kwa kazi ile au apewe nyingine. Nakala ya kipimo cha masikio, macho na kifua iwe mkononi mwa kijana mwenyewe. Na kipimo cha virusi vya Ukimwi kisilazimishwe na mtu yeyote: sheria ya mwaka 2006 yakataza kukifanya kuwa sharti la kupata kazi au kuingia shule. Atakaye kujua, na twawasihi vijana watake, aende kwa hiari yake.

Tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara mzima kwa ajili ya bima mpya ya afya ya jamii. Mpango wa EduAfya, ulioanza mwaka 2018 kwa wanafunzi wa sekondari za serikali, umekwisha. Kwa hiyo mtoto wako sasa anategemea jina lake kuwa chini ya jina lako. Wako wanachama waliokatwa mwezi hata mwezi na watoto wao hawajaandikwa. Fedha zimekwenda, mtoto hayumo. Nenda ukahakikishe kabla mtoto hajapanda basi la kwenda shule, usingoje awe amelazwa.

Halmashauri imekata shauri kwamba katika mapatano ya pamoja yajayo tutaweka kifungu cha wanafunzi wa mafunzo ya kazini: wapimwe macho, masikio na kifua katika wiki ya kwanza kwa gharama ya mwajiri, wapewe vizuizi vya masikio na miwani kama mfanya kazi mwingine yeyote, na wapewe nakala zao. Mwajiri atasema hawa si watu wetu. Tutamwuliza ni nani aliyekuwa akifagia chuma na kushikilia tochi ya welda jana.

Ili tuingie katika mazungumzo tukiwa na hesabu, wajumbe wa kazini waandike idadi ya wanafunzi waliopo katika kila karakana, kazi wanayofanya, na kama wamepimwa masikio walipofika au hawakupimwa. Orodha zifike afisini mwa tawi kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Msiandike jina la mwanafunzi wala ugonjwa wa mtu yeyote, idadi yatosha.